Ishara za Mezani

Agosti 4

Leo Mama ametoa maboksi.

Bi Ledbetter, mwalimu wetu wa lugha, alituambia kuwa anayeanza shajara aandike kama anayemsimulia mtu mwenye akili lakini asiyejua lolote. Basi naeleza. Baba yangu, Wendell Pruitt, ni kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa na kurushwa kwa mikono, katika shule ya mji wetu wa Bracken Wells. Yeye ni wa walinzi, wale vijana wanaowazuia wapinzani wasibebe mpira mpaka mwisho wa uwanja. Asubuhi anafundisha historia, kwa kuwa kocha wa shule Texas ni lazima awe na darasa, ila hakuna aliyemleta hapa kwa ajili ya historia. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wanafungasha. Kocha mkuu akiitwa kwenye shule kubwa zaidi, wasaidizi wanafungasha vilevile. Nina miaka kumi na mitano na hii ni shule yangu ya tano.

Ndiyo maana Mama hukunja maboksi ya kuhamia na kuyabana nyuma ya friji, tayari kwa safari nyingine. Leo aliyavuta yote akampa jirani yetu, Bi Opal, ambaye paka wake amezaa tena.

"Huyahitaji, Noreen?" Bi Opal akauliza.

"Wendell ameahidi. Lorena atamalizia shule hapa," Mama akasema, akinielekeza kwa kidevu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na gilasi ya maji. Aliinywa yote bila kupumzika, kisha akaingia ndani.

Agosti 12

Joto. Pamba imesimama fupi mashambani na watu wanaitazama kama mgonjwa. Baba akirudi mazoezini, shati lake limepauka kwa chumvi mgongoni.

Agosti 17

Kwetu hakuna anayeomba chumvi kwa mdomo.

Nilipokuwa mdogo nilikataa kula, na Baba akabuni mchezo. Akigusa bega mara mbili, nimpe chumvi. Akivuta sikio, nimpe mkate. Akizungusha kiganja kifuani kama anayefuta vumbi, maana yake acha, usilete, nilichoomba kwanza hakihesabiki. Nilicheza nikala. Baadaye alizipeleka ishara hizo uwanjani, kwa sababu kelele za watu na bendi ni kubwa mno na mlinzi hamsikii kocha hata kidogo. Huko bega ni "wote mvamieni mrushaji wao wa mpira," sikio ni "rudini nyuma mlinde," na kiganja kifuani ni kilekile: acha. Ziko nyingine nyingi na ninazijua zote. Siwezi kurusha mpira hata hatua kumi, lakini naweza kusoma mikono ya baba yangu nikiwa mbali.

Leo baada ya kanisa Rudy Cantú alikula kwetu. Yeye ndiye nahodha wa walinzi, naye ni kaka wa Maribel, rafiki yangu wa bendi ya shule, inayopiga muziki kwenye mechi. Baba alitaka kumpima. Akagusa bega katikati ya sala ya chakula.

"Wote tunavamia!" Rudy akaropoka, na Mama akafumbua jicho moja. Mimi nilikuwa nimeshasukuma chumvi.

"Kocha, mchezeshe huyu upande wa kushoto," Rudy akasema. "Ana kasi kuliko Dillard."

"Dillard atafika," Baba akasema.

"Atafika, Kocha. Lakini viatu atakuwa amevisahau nyumbani."

Dillard ni mkubwa kama mlango wa ghala na mpole kupita wote. Ni kweli husahau viatu.

Agosti 29

Tumeshinda mechi ya kwanza. Nilipuliza klarineti mpaka midomo ikafa ganzi. Mimi ni wa nne katika safu ya klarineti. Natamani kuwa wa kwanza kabla sijamaliza shule.

Septemba 6

Tumeshinda tena, na leo asubuhi Baba alipika mayai mwenyewe, kwa hiyo niliona ni wakati mzuri wa kuuliza.

"Baba, mechi ya mwisho ni na Tolliver. Si ndiko aliko Mjomba Kirby?"

Kirby Odom si mjomba wangu wa damu. Alikuwa kocha mwenzake Baba katika shule iliyopita. Mke wake alikuwa amemwacha, basi akala mezani petu karibu kila jioni kwa miaka miwili. Alikuwa akimsaidia Mama kuosha vyombo na alinifundisha kupiga mluzi. Sote tulipofukuzwa, yeye alipata kazi Tolliver na sisi tukaja hapa.

"Ndiko aliko," Baba akasema.

"Anazijua ishara zote."

Baba aligeuza yai. "Vijana wamezisoma tangu Juni, Lorena. Nikizibadilisha sasa, Dillard atavaa viatu mikononi."

"Lakini Mjomba Kirby..."

"Kirby amekula chumvi yetu. Mtu hawezi kuketi kwenye meza yako kisha akaitumia dhidi yako. Hata katika kazi hii."

Nilimwamini. Baba huwa hasemi jambo asilolifikiria.

Septemba 19

Tumeshindwa, tena vibaya. Mama ana kanuni ya jukwaani: usikae karibu na wazazi wengine, usigeuke nyuma, usijibu. Sisi wa bendi tunakaa pamoja kwa hiyo siwezi kuchagua. Nyuma yetu kulikuwa na wanaume watatu wa kiwanda cha kuchambulia pamba.

"Pruitt! Hao walinzi umewaajiri wafungue mlango?"

"Bibi yangu anatembelea magongo na anakaba kuliko hao!"

"Mpeni kiti, jamani, amechoka kusimama bure!"

Kila mtu alicheka, na mcheshi wa magongo alikuwa mcheshi kweli. Hilo ndilo lililoniumiza. Kama si baba yangu, ningecheka.

Septemba 20

Asubuhi tumekuta vibao vitatu vya "Nyumba Inauzwa" vimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba. Watu hapa hufanya hivyo kocha akishindwa. Vinang'olewa kwenye nyumba zinazouzwa kweli. Baba alivitazama, akaingia kwenye pikapu, akaenda kutazama picha za mechi na makocha wenzake. Mama alivivuta akaviweka kando ya nyanya zake.

"Baridi ikija nitazifunikia," akasema. "Mbao nzuri hizi."

Oktoba 3

Tumeshinda. Hakuna kibao. Muuza maandazi hakukubali pesa ya Baba.

Oktoba 10

Tumeshindwa. Vibao viwili. Muuza maandazi amepokea pesa.

Oktoba 15

Mvua. Ilikataa msimu mzima, na sasa pamba imepasuka na kuwa nyeupe ndipo imekuja kuiharibu. Babu yake Maribel amekaa kibarazani tangu asubuhi akiitazama ikianguka. Maribel anasema anahesabu tu mawingu. Nilitaka kumwambia kwamba najua anavyojisikia, lakini yeye ana miaka sabini na mimi sina shamba.

Oktoba 25

Jana tumeshinda kwa shida. Imebaki mechi moja, Novemba 7, nyumbani kwetu, dhidi ya Tolliver. Atakayeshinda ataingia mtoano, atakayeshindwa msimu wake umeisha.

Nilimsikia Baba akimwambia Mama jikoni. Bodi ya shule imemwita Kocha Stubbs, yule kocha mkuu, na kumwambia wazi: bila mtoano mwaka huu, wataanza upya.

"Wataanza upya na nani?" Mama akauliza.

"Si na sisi."

Mama aliendelea kukausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

Novemba 2

Niliuliza tena. Nilikuwa nimejiandaa, nikazungumza polepole kama Bi Ledbetter anavyotufundisha kutetea hoja. Nilisema haitakuwa dharau kwa Mjomba Kirby kubadilisha ishara mbili tu, kwa tahadhari. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikizibadilisha," akasema, "atajua kuwa nilimdhania mwizi."

"Na usipozibadilisha?"

"Basi nitakuwa nimemdhania mtu." Akachukua kofia yake. "Na vijana wamechoka, binti yangu. Kichwa kilichochoka hakibebi mzigo mpya. Huo ndio ukweli wenyewe."

Sijui ni sababu ipi kati ya hizo mbili ilikuwa ya kweli zaidi. Huenda naye hajui.

Novemba 8

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mkono wangu hautaki.

Jana jioni upepo ulitoka kaskazini na nyuzi za pamba zilizodondoka kutoka kwenye malori zilikuwa zikiruka uwanjani kama manyoya. Mji mzima ulikuja. Kabla ya mechi Mjomba Kirby alivuka uwanja akamkumbatia Baba, kisha akanitafuta kwa macho kwenye bendi, akanipigia mluzi ule alionifundisha. Nilimpungia mkono. Nilifurahi. Naandika hilo kwa kuwa ni kweli.

Robo ya kwanza nilidhani ni bahati yao. Baba aligusa bega, vijana wetu wote wakavamia, na Tolliver wakarusha mpira mfupi juu ya vichwa vyao, pale palipoachwa wazi. Baba alivuta sikio, vijana wakarudi nyuma, na Tolliver wakaubeba mpira katikati kama wanaokwenda dukani. Mara ya tatu sikumtazama Baba. Nilitazama ng'ambo.

Mjomba Kirby hakuwa akiangalia mpira. Alikuwa akiangalia mikono ya baba yangu. Kila mkono uliposhuka, alisema neno moja kwa kocha aliye kando yake, na mrushaji wao akageuka kutazama ishara ya kocha huyo kabla ya kucheza.

"Maribel," nikasema, "wanazisoma."

"Nini?"

"Ishara. Anazisoma kama ubao wa darasani!"

"Nenda kamwambie!"

Lakini mtu wa bendi haondoki jukwaani. Tunaruhusiwa robo ya tatu tu, baada ya onyesho la mapumziko, ndipo tunakwenda kununua vitafunio. Mwalimu wa bendi alikuwa amesimama mwisho wa safu yetu na orodha yake. Nilimwomba. Akasema, "Pruitt, kila mtu hapa ana baba." Nikakaa. Nilikaa na klarineti mapajani nikazisoma zote, moja baada ya nyingine, kabla hazijatokea. Bega, kisha nikajua mpira utakwenda wapi. Sikio, nikajua. Nyuma yetu mcheshi wa magongo hakuwa akichekesha tena. Alikuwa akitukana.

Wakati wa mapumziko tulicheza onyesho letu. Niligeuka kushoto pahali pa kulia nikamgonga mpiga tarumbeta. Tolliver walikuwa mbele kwa mara mbili za kuvuka mstari wa mwisho.

Robo ya tatu ilipoanza nilikimbia hadi kwenye uzio. Mwalimu wa kilimo alikuwa akilinda lango dogo.

"Huku makocha tu, binti."

"Ni baba yangu!"

"Najua ni baba yako. Ndiyo maana nakuzuia. Mwache afanye kazi."

Nilimwita Baba. Upepo ulilichukua jina. Nilimwita "Kocha Pruitt!" kama wengine, na hapo akageuka, kwa sababu wanaomwita hivyo kwa sauti ile huwa wanamtukana. Akaniona. Sikuwa na njia nyingine. Nilinyoosha kidole ng'ambo, kwa Mjomba Kirby, nikagusa macho yangu, kisha nikazungusha kiganja kifuani. Acha. Acha yote.

Baba alitazama ng'ambo. Alitazama kwa muda mrefu, mchezo mmoja mzima ukapita bila yeye kutoa ishara. Mjomba Kirby naye alimwona anamtazama, akainamisha kichwa na kuanza kufunga kamba ya kiatu.

Baba alimwita Rudy. Niliona mikono yake: bega, sikio, kisha vidole viwili vikipishana. Chumvi iwe mkate na mkate uwe chumvi. Rudy akaitikia kwa kichwa, akarudi kuwaambia wengine.

Ikafanya kazi! Baba aligusa bega, Tolliver wakarusha mpira mfupi, na vijana wetu walikuwa nyuma wakiusubiri. Rudy aliudaka na kukimbia nao mpaka mwisho. Tukavuka mstari mara moja, tukavuka tena, na robo ya nne ikiwa inamalizika tukavuka mara ya tatu. Tukawa mbele kwa alama tano, na kuvuka mstari huleta sita au zaidi. Nilikuwa nimesharudi jukwaani. Wanaume wa nyuma walikuwa wakiimba jina letu. "Pruitt! Pruitt!" Mmoja alinimwagia bisi kichwani kwa furaha. Nilimwona Mama upande wa pili, amesimama, jambo ambalo hafanyi kamwe. Niliwaza, sitahama. Niliwaza maneno hayohayo.

Ukabaki mchezo mmoja. Tolliver walikuwa karibu na mstari wetu. Baba aligusa bega mara mbili, maana yake sasa: rudini nyuma mlinde.

Rudy alirudi. Wengi walirudi. Dillard, upande wa kushoto, alikuwa amecheza mechi nzima bila kupumzika. Aliona bega akafanya alichofundishwa tangu Juni. Alivamia peke yake. Alikimbia kwa nguvu zote, na mahali alipoondoka pakabaki wazi kama mlango. Kijana wa Tolliver alipita hapo akitembea. Sikosei. Alitembea.

Tulishindwa kwa alama moja.

Baba alipokuja nyumbani alivua kofia akaketi mezani. Mama alimwuliza kama Kirby amekiuka sheria, kama kuna mahali pa kushitaki.

"Hakuna," akasema. "Ukiweka mikono hadharani, yeyote ana haki ya kuitazama."

Novemba 10

Kila Jumatatu wafuasi wa timu hukutana kwenye ukumbi wa kulia chakula, na makocha huonyesha picha za mechi na kujibu maswali. Sisi wa bendi tulikuwa na zamu ya kugawa maharage na nyama. Ukumbi ulijaa.

Kocha Stubbs alisimamisha picha pale Dillard anapovamia peke yake. Baba yake Dillard alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Kocha Pruitt," mtu mmoja akasema, "tueleze hapo. Kumi wanaelekea kanisani na mmoja anaelekea baa. Nani aliwapa anwani mbili?"

Watu wakacheka kidogo. Baba akasimama.

"Nilibadilisha ishara katikati ya mechi," akasema. "Kijana alifuata ya kwanza. Kosa ni langu, bwana. Si lake."

"Nani anabadilisha ishara katikati ya mechi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la mtu mwingine. Nililiweka chini. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, lenye mwanzo na mwisho. Ningesema kuwa zilikuwa zinasomwa, na nani alizisoma, na kwamba ni mimi niliyeona. Nilivuta pumzi.

Baba hakuwa akimtazama aliyeuliza. Alikuwa akinitazama mimi. Akainua kiganja, akakizungusha kifuani, polepole, kama anayefuta vumbi kwenye shati.

Nikachota maharage.

"Nilidhani itasaidia," Baba akasema, na akakaa.

Novemba 13

Saa kumi jioni Bi Stubbs, mke wa kocha mkuu, alileta bakuli la viazi na jibini lililofunikwa kwa karatasi ya alumini. Hapa chakula hicho hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba. Mama alilipokea mlangoni, akasema asante, akaja kuliweka juu ya jiko. Akabaki amelishika kwa mikono yote miwili ingawa lilikuwa la moto.

"Mama, nani amekufa?" nikauliza.

"Ngoja," akasema.

Kocha Stubbs alikuja baada ya nusu saa. Ni mtu mkubwa na hutafuna mbegu za alizeti. Leo hakuwa na mbegu.

"Wendell, bodi ilitaka vichwa vyote," akasema. "Nimewasihi wachukue kimoja."

"Umefanya vizuri, Gaylon," Baba akajibu. "Wengine wana watoto wadogo."

"Utamalizia darasa lako la historia hadi likizo. Hilo nimelipigania."

"Nashukuru."

Walipeana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mita moja kutoka kwao, na hakuna aliyeniambia niondoke. Nafikiri hawakuniona.

Tulikula viazi vile. Vilikuwa vitamu. Nilikasirika kwamba vilikuwa vitamu.

Novemba 16

Dillard amekuja. Alisimama kibarazani akazuia mwanga wote.

"Kocha, Rudy alituambia. Nilisikia. Halafu nikasahau."

"Hukusahau," Baba akamwambia. "Ulikumbuka nilichokufundisha kwanza. Ndivyo nilivyotaka ujifunze."

Dillard alilia bila kujificha, kama mtoto mdogo. Baba alimshika shingo kwa nyuma, mkono ukiwa umenyooka juu kwa sababu ya urefu wake. Baada ya kwenda, tulikuta ameacha kofia yake kwenye ngazi.

Novemba 21

Baridi ya kwanza. Mama amefunika nyanya kwa vibao. Kwa mbali zinaonekana kama mji mdogo unaouzwa wote.

Novemba 27

Sikukuu ya Shukrani. Baba amepiga simu kwa kila mtu anayemjua, akitafuta kazi. Huanza kwa kicheko, kisha husema "naelewa," kisha husema "msalimie mkeo."

Novemba 30

"Naelewa." "Msalimie mkeo."

Desemba 3

Simu imelia tukiwa tunakula. Baba alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishoni alisema, "Niache nizungumze na Noreen," kisha akaketi na kutueleza huku akitazama kitambaa cha meza.

Kocha mkuu wa Tolliver, kwa sababu walifika mbali kwenye mtoano, ameitwa na shule kubwa ya Maddox, mwendo wa saa sita kutoka hapa. Anakwenda na Mjomba Kirby, ambaye atakuwa mkuu wa walinzi. Mjomba Kirby anahitaji msaidizi.

"Chini yake?" Mama akauliza. "Wewe uliyemfundisha?"

"Chini yake."

"Na anathubutu kupiga simu!"

"Amesema hakuna anayejua ulinzi kama mimi. Bado ananiita Kocha."

Nilisema jambo ambalo sikulipanga. "Baba, ndiye aliyetufukuza hapa."

Baba aliinua uso. Hakunikasirikia. Alionekana kama babu yake Maribel kibarazani.

"Ndiye," akasema. "Na ni yeye peke yake aliyepiga simu."

Desemba 4

Baba amekubali.

Desemba 9

Mama alinituma kwa Bi Opal kuomba maboksi. Nilijua lazima nimweleze ni ya nini, lakini alishajua, kama mji mzima. Paka wamekua na kucha zao zimechana pembe zote za maboksi.

"Yananuka kidogo, mwanangu," Bi Opal akasema.

"Si kitu, bibi."

"Mama yako alikuwa na furaha siku ile aliponipa." Kisha akashika mdomo, akaniongezea mtungi wa matunda ya kusindika.

Desemba 12

Mwalimu wa bendi ametangaza nafasi mpya. Mimi ni wa pili katika klarineti. Maribel ni wa tatu. Alinikumbatia akasema, "Ukienda nitakuwa wa pili, kwa hiyo nenda haraka," kisha tukashindwa kucheka.

Bi Ledbetter alinipa mkono akaniambia niendelee kuandika. Nilimuuliza kama shajara husaidia. Alifikiri vizuri, kama anavyofikiria kila swali, akasema hajui.

Baba alifundisha darasa lake la mwisho la historia. Rudy anasema hakuzungumzia mpira hata kidogo. Alifundisha mpaka kengele, akafuta ubao, akafuta tena.

Desemba 20

Mjomba Kirby alikuja jana mchana na trela kutusaidia kupakia. Alileta maboksi mapya kutoka dukani, mengi kuliko tuliyohitaji. Nilipanga kutomsalimia. Lakini aliposhuka alisema, "Lorena, umekuwa mrefu," na mimi nikasema, "Ndiyo, bwana," kwa kuwa nimelelewa hivyo. Hakupiga mluzi.

Alifanya kazi kwa bidii. Alibeba friji na Baba, yeye akitembea kinyumenyume, upande mgumu. Nilisikia akisema wakiwa ndani ya trela, "Kocha, kuhusu ile siku..." na Baba akasema, "Inua upande wako, Kirby." Hapo yakaisha. Nilingoja yaendelee lakini hayakuendelea.

Jioni kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa meza, sufuria, sahani nne na chumvi. Mama alipika maharage. Alimpakulia Mjomba Kirby wa kwanza, kama mgeni, akampa kiti chake kilekile cha zamani, upande wa dirisha. Baba akaomba sala fupi. Sauti ziligonga kuta tupu, na hata kijiko kilikuwa na mwangwi.

Mjomba Kirby alianza kuzungumza juu ya Maddox: uwanja mpya, vijana wenye miili, mlinzi wa kushoto ambaye hasahau kitu. Alizungumza akila, na akila alikuwa mtu yuleyule aliyeosha vyombo vyetu miaka miwili. Alionja maharage. Kisha, bila kufikiri, akiwa bado anazungumza, aligusa bega lake mara mbili.

Kijiko cha Mama kilisimama. Mjomba Kirby aliona mkono wake mwenyewe begani akanyamaza katikati ya neno. Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni.

Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Nilimtazama Baba. Nilimtazama kama Rudy anavyomtazama kutoka uwanjani, ili nisikosee. Kiganja kikipanda kifuani, nitaiacha chumvi pale ilipo, na nitajua tuko upande gani, na nitaweza kwenda Maddox na popote pengine. Mikono ya Baba ilikuwa mezani, mmoja kila upande wa sahani. Nilingoja. Alikuwa akiyatazama maharage yake.

Mikono haikupanda.

Nikampa chumvi.